Wifi Yangu Hawezi Kutema

Wifi yangu hajui kukaa. Nimeolewa na kaka yake miaka ishirini na miwili, tunaishi nyumba moja, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Anakunywa akitembea. Anaongea na wewe huku anasogeza kabati. Ukimwambia, "Wifi, kaa basi, unanizungusha kichwa," anaegesha upande mmoja wa makalio kwenye kiti, halafu anakumbuka dirisha halijafungwa. Ni mhudumu wa ukumbi wa chakula kwenye hoteli, mwaka wa kumi na saba huu, na huko kazini wanamwita Feni. Jina hilo alilipata wiki ya kwanza.

Mwaka huu feni ilikaribia kuzimwa. Hoteli ilipata bosi mpya, kijana wa suti ya kubana na viatu vyenye ncha, akasema ukumbi umejaa watu wasiohitajika. Anachotaka yeye ni mhudumu mmoja wa mvinyo, mtu wa kusimama mbele ya mgeni na kumweleza chupa ina nini ndani. Wahudumu wanne wa zamani wapimwe. Atakayeshinda abaki ukumbini, wengine wapande ghorofani kutandika vitanda.

Wifi ana mgongo. Daktari alimkataza kuinama. Vitanda arobaini kwa siku kwa mgongo ule ni mwezi mmoja, tuseme na nusu, kisha nyumbani moja kwa moja. Yeye alijua. Mimi nilijua. Kaka yake alijua pia, ndiyo maana wiki ile alifungua redio nzima akaanza kuitengeneza, redio ambayo haikuwa na ubaya wowote.

Bosi aliwapa karatasi ya maneno ya kukariri. Wifi akaja nayo akaibandika ukutani, juu ya cherehani yangu, kwa kuwa mimi hapo ndipo ninaposhinda nikishona.

"Soma wewe, mimi nirudie," akaniambia, ameshaanza kuzunguka meza.

Nimeishia darasa la saba lakini kusoma najua. Nikasoma: "Mvinyo huu una mwili wa wastani."

"Una mwili wa wastani."

"Wa wastani kama nani, mimi au wewe?"

"Wifi!"

"Nauliza kama fundi. Nikiambiwa niushonee gauni, nikate mita ngapi?"

"Endelea kusoma."

"Mwanzoni una haya, kisha unafunguka taratibu."

"Mwanzoni una haya..."

"Huyo ni mchumba, wifi. Si kinywaji."

Akaanza kucheka, nami nikipewa nafasi sijizuii. Karatasi ikasema mwisho wake ni mrefu; nikasema kama hotuba ya mgeni rasmi. Ikasema unabeba harufu ya ngozi, tumbaku na mawe yaliyonyeshewa mvua.

"Yaani mtu anavaa suti, anaketi, analipa, ili anywe kiatu cha mlinzi," nikasema.

Hapo akasimama. Kicheko kikamkauka usoni. "Wewe cheka. Nitakayepanda zile ngazi ni mimi."

Nilishona pindo moja mara mbili, na la pili likaenda kombo.

Wiki mbili zile nyumba haikuwa na utulivu. Alinusa kila kitu. Alinusa mkanda wa kaka yake ukiwa bado kiunoni. Alinusa penseli zangu za kuchorea vitambaa. Asubuhi moja alimwagia maji jiwe la mlangoni akainama kulinusa, mgongo ukamkamata palepale, tukamwinua wawili, mimi na kaka yake.

"Ulikuwa unatafuta nini pale chini?" kaka yake akamuuliza.

"Mvinyo."

"Kwenye jiwe?"

"Niache, kaka. Ndivyo ilivyoandikwa."

Siku ya kupimwa aliondoka hajala kitu, kwa sababu karatasi ilikataza chakula. Yaliyotokea ukumbini nimeyapata kwake na kwa mpishi, aliyeacha sufuria zake akasimama kwenye mlango wa jikoni.

Walimleta mtu kutoka kampuni inayouza mvinyo, mzee mfupi mwenye pua pana, na kabla hajavua koti wahudumu walishampa jina: Bwana Pua. Bosi alitaka awaulize maswali. Bwana Pua akakataa. Akaweka chupa tano mezani, akageuza kiti akaketi akiwapa mgongo. Kila mtu aonje, aeleze kwa sauti, na yeye bila kutazama aseme ni chupa gani inayoelezwa. "Mgeni akikusikiliza ajue anachoagiza," alisema. "Basi. Sina swali lingine."

Watatu walimtangulia wifi. Wakaonja, wakatema kwenye ndoo, wakakariri. Mwili wa wastani. Una haya. Mwisho mrefu. Chupa ya kwanza ina mwili wa wastani, ya pili wastani, ya tano wastani vilevile. Bwana Pua akawa anabahatisha kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kwa mmoja alipatia chupa moja kwa bahati, kwa wawili hakupatia hata moja.

Ikafika zamu ya wifi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ndoo ya kutemea ilikuwa ile ndogo ya barafu, ya chuma, inayong'aa. Miaka kumi na saba ndoo hiyo anaing'arisha yeye kila asubuhi, kwa kitambaa chake mwenyewe ambacho hamwazimi mtu. Aliitazama, mvinyo uko mdomoni, mashavu yamejaa. Akaona uso wake kwenye ndoo. Akameza.

"Tema," bosi akamwambia.

"Ndiyo, bosi," akajibu. Glasi ya pili akameza tena.

Glasi mbili hizo alizieleza kwa maneno ya karatasi, na Bwana Pua akakosa zote mbili. Wifi ananiambia aliona vitanda vikimjia, vimepangwa mstari, shuka zimevurugwa. Akapiga funda kubwa la glasi ya tatu. Tumbo tupu, saa nne asubuhi. Mpishi anasema shingo yake ilianza kuwa nyekundu.

"Huyu," wifi akasema, na karatasi yote ikamtoka kichwani, "ni kijana aliyejipulizia manukato chupa nzima. Unamsikia akiwa bado barabarani. Akishaingia ndani, hana la kuzungumza."

Bwana Pua, mgongo uleule: "Ile nyeupe. Lebo ya kijani."

Ndiyo yenyewe. Bosi akageuza chupa kuitazama kama aliyemdanganya ni chupa.

Glasi ya nne. Wifi akameza, akashika meza. "Jamani. Hii imelazwa kwenye mbao mpaka yenyewe imekuwa mbao. Nimeuma mguu wa kabati hapa."

"Nyekundu, iliyokaa miaka mingi kwenye pipa. Ndiyo ya bei kubwa kuliko zote," Bwana Pua akasema, mabega yanamtikisika. Bosi akakohoa, hiyo ndiyo aliyoichagua mwenyewe kwa ajili ya wageni wakubwa.

Ya tano wifi aliisikiliza kwanza, sijui anasikiliza nini. "Hii inaniita mwanangu. Inanipapasa kichwa, inaniambia nisijali kitu. Siiamini. Kesho itanidai."

"Ile tamu!" Bwana Pua akageuka kabisa, machozi ya kicheko machoni.

Basi wifi akavuta kiti cha mgeni, akaketi. Mpishi aliniapia. Miaka kumi na saba hajamwona akikaa ukumbini mle, na siku hiyo aliketi, mikono juu ya kitambaa cha meza, kama aliyekuja kuagiza.

"Nani amekuruhusu kukaa?" bosi akauliza.

"Miguu, bosi."

Nyumbani alirudishwa na mpishi, amelala begani kwake. Alipoamka hakuacha kutembea mpaka Ijumaa, siku ya majibu. Alipaka rangi mlango wa choo. Alihesabu vifungo vyangu vyote akavipanga kwa rangi, na sasa sikipati hata kimoja.

Ijumaa bosi akamwita. Karatasi ya Bwana Pua ilimweka wa kwanza, na kampuni ile ndiyo inayowaletea mvinyo, kwa hiyo bosi hakuwa na pa kupitia. Isipokuwa mahali pamoja.

"Mtu anayemeza kila chupa atakuwa chini ya meza kabla wageni hawajala. Jumatatu nataka nikuone ukitema. Usipotema, unapanda juu."

Jumamosi na Jumapili tulikuwa uani. Maji kwenye kikombe, ndoo ya plastiki miguuni.

"Tema."

Glu.

"Wifi, tema!"

"Inateremka yenyewe."

"Mtoto wa wiki mbili anatema, wewe mwanamke mzima unashindwa? Nifikirie mimi. Ukinikasirikia, huwezi kukosa mate."

"Nikikufikiria wewe nacheka."

Kaka yake akatoka na bisibisi mkononi, akatuangalia. "Mnafanya nini?"

"Tunafanya kazi!" tukamjibu wote wawili, naye akarudi kwenye redio.

Kufikia Jumapili jioni alikuwa amekunywa maji ya kutosha kuoshea gari, na ndoo iko kavu. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akakaa kweli, makalio yote. Hilo lilinitisha kuliko kitu chochote.

"Si aibu inayonizuia," akaniambia. "Nikiiona ndoo, naona nitakavyoisugua. Mkono wangu unajua kabla ya mdomo."

Nikamwaga maji yaliyobaki kikombeni, nikaketi karibu naye.

Jumatatu akaenda. Bosi amesimama, chupa imefunguliwa, ndoo ya chuma mezani inang'aa kwa sababu aliyeing'arisha asubuhi ile ni nani? Yeye. Mvinyo ukaingia mdomoni. Wifi akamtazama bosi, akaitazama ndoo, mashavu yamevimba. Akameza.

"Nimemaliza," bosi akasema, akachukua kalamu.

"Bosi, swali moja. Hii ndoo ataiosha nani?"

"Ataiosha atakayepangiwa. Wewe ukishakuwa wa mvinyo huoshi ndoo. Ulidhani utamweleza mgeni chupa huku umeshika kitambaa cha kusugulia?"

Hakuna aliyewahi kumwambia. Wifi akapiga funda jingine, akainama kidogo kwa ajili ya mgongo, akatema. Ikalia ndani ya chuma. Akatema la pili bila kuombwa, na la tatu, mpaka bosi akasema inatosha, chupa hiyo inauzwa.

Alinisimulia hayo akiwa amesimama, anakunja vitambaa vyangu ambavyo sikutaka vikunjwe. Nikamkumbatia kwa nguvu, akaniambia nimwachie, namvunja.

Sasa ni miezi miwili. Wageni wanaomba wahudumiwe na yule mama anayesema ukweli. Ila anaondoka nyumbani nusu saa kabla ya saa yake ya zamani, na jana mpishi alinieleza sababu. Nikamvaa jikoni.

"Wifi, unaing'arisha ndoo wewe mwenyewe? Si walikwambia si kazi yako tena?"

"Yule waliyempa anaacha alama za vidole," akasema, na akatoka kwenda kufunga dirisha.