Siku Nilipopiga Yowe Juu ya Jabali

Sijui kama nitaweza kulieleza jambo hili bila kujipendelea, maana kila nikilikumbuka masikio yananiwaka, lakini nitajaribu kulisema lilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga, na mahali penyewe si pachache.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya pili vya dunia, nami kijana niliyetoka kwetu upande wa Shinyanga kufuata kazi ya mgodi wa dhahabu huko Geita. Kazi yangu ilikuwa kuandika alama kwenye mifuko ya mawe yanayokwenda kupimwa (watu wa kijiji cha jirani waliniita karani, nami sikuwasahihisha, ingawa niliishia darasa la nne na hilo nalo nililimaliza kwa huruma ya mwalimu). Siku za kazi zilipita. Jumapili ndiyo ilikuwa shida. Wenzangu wa kambini walikuwa na watu wa kwao na chungu chao, mimi nilikula peke yangu, nikafua shati, nikakaa mlangoni nikisikia vijana wa kijijini wakipura mtama na kuimba ng'ambo ya bonde. Nilikuwa nimeazimia kumwomba Masanja, kiongozi wa vijana wale, aniingize katika kundi lao la kulima mvua zikianza. Maneno nilikuwa nayo tayari. Lakini kila nilipokutana naye kisimani nilimwuliza habari za kutwa, basi, nikapita.

Kupanda mawe nilianzishwa na mzungu mmoja mpimaji, ambaye Jumapili alipanda majabali kwa kamba bila kutafuta kitu chochote huko juu. Alinichukua nimshikie kamba, mwishowe akanifundisha: usiinue mguu kabla mikono haijapata pa kushika, usilikumbatie jiwe, simama mbali nalo kidogo. Nikapenda. Nisiseme uongo, nilipenda zaidi kwa sababu kulikuwa na mtu mwisho wa ile kamba. Kisha akaenda likizo kwao, na kamba yake.

Basi Jumapili moja ya kipupwe, baridi inauma meno, ukungu umelala bondeni, nikaamua kupanda peke yangu lile jabali lililo juu ya kijiji. Nyuma yake kulikuwa na njia ya mbuzi. Mimi nikachagua mbele, penye ufa, kwa sababu (naona haya kuandika) mbele palionekana kutoka uwanja wa kupuria, nikafikiri ukungu ukiondoka wataniona nimesimama kileleni, Masanja ataniuliza nimefikaje, na mazungumzo yatapata pa kuanzia.

Nusu ya kwanza nilipanda vizuri, na mimi nijitendee haki. Halafu jiwe likawa na umande, vidole vikafa ganzi, nikafika kwenye ukingo mdogo usiozidi kigoda, na kutoka hapo juu hapakushikika, na chini, nilipotazama, sikupaona nilipopitia. Nikakaa. Suruali ilikuwa imechanika nyuma tangu kwenye ufa, na upepo ukapagundua.

Nikaita. Kwanza niliita hodi (ndiyo, hodi, sikujua mtu huita nini akiwa ukutani), kisha nikasema samahani jamani, lakini walikuwa wakiimba, hawakusikia. Jua likapanda bila joto, ukungu ukaondoka na bado hakuna aliyeniona, ndipo nikafanya lile ambalo mtoto yeyote wa Kisukuma anajua halifanywi ovyo: nikapiga mwano, lile yowe la simba au la wezi wa ng'ombe, ambalo kila mwanamume akilisikia huacha alichoshika, huchukua upinde na kukimbia, huku akilipeleka kwa sauti yake hadi kijiji kinachofuata.

Wimbo ukakatika. Wakatoka na pinde na mikuki, wengine na fimbo za kupuria, wakapita chini yangu mbio kuelekea mtoni kwenye malisho. Nikapiga tena ili wajue niko hapa, nao wakaongeza mbio. Vijiji vya ng'ambo vikaitikia. Nikaona watu wakiteremka vilima vingine, hata wazee, wakihema, nami nimekaa pale juu nawatazama kama mtemi.

Bibi mmoja aliyebaki na ungo wake chini ya jabali ndiye aliyeinua macho.

"Ng'wanawane, mwanangu, ni wewe unayelia?"

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Simba yuko wapi?"

"Hakuna simba, bibi."

Akatua ungo wake. "Basi usiondoke," akasema, akaenda kuwaita.

Masanja na wenzake wakazunguka kwa njia ya mbuzi, wakaniteremshia kamba ya ngozi ya kufungia ng'ombe, nikaipitisha kwapani, nikavutwa kama ndama aliyetumbukia kisimani, nyuma yangu ikitazama watu wote waliokusanyika. "Karani suruali yake ina madirisha," mmoja akasema, na watu wakacheka, nami nakiri kicheko kile hakikuniuma, kilikuwa cha kwanza tangu nifike huko ambacho nami nilikuwemo.

Tulipofika chini kikaisha. Mzee mmoja aliyekuwa bado anahema, mkuki mkononi, akaniuliza, "Ulifuata nini? Asali?"

"Hapana, baba."

"Pimbi?"

"Hapana."

"Mbuzi amepotea?"

Ningeweza kusema nilikimbizwa na chui, na wazo hilo lilinijia, lakini wangekwenda kumtafuta. "Nilikuwa napanda tu," nikasema.

"Alikuwa anapanda tu," akawaambia waliokuwa nyuma, kama anayewatafsiria.

Kwetu anayepiga mwano bure hutoa mbuzi, mbuzi huchinjwa siku hiyo hiyo, naye huketi kula pamoja na wale aliowakimbiza, wakishiba jambo limekwisha. Nikaona huu ndio mlango wangu. "Niko tayari kutoa mbuzi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa na furaha isiyofaa kwa mkosaji.

Masanja alinitazama kwa upole. "Mbuzi hutozwa watu wa hapa, karani. Wewe huna kaya kwetu, huna jembe kwetu. Tukikutoza tutakuwa tumekuonea."

"Mimi niko radhi."

"Nenda ukaote moto, ndugu yangu. Baridi imekuingia."

Wazee wakaitikia kwamba amesema haki. Na kweli alisema haki. Nimeyageuza maneno yake miaka yote hii sijaona alipokosea. Wakaondoka kwenda kuwarudisha waliokuwa bado njiani, nami nikavuka bonde nimeishika suruali kwa mikono miwili. Ombi langu sikulitoa siku ile, wala baadaye, na mvua zilipoanza niliwasikia wakilima, nikiwa mlangoni.

Sijaacha kupenda mawe. Ila nimeapa sitapanda tena jabali lolote mahali ambapo hakuna mtu wa kunitoza mbuzi.