Harufu ya Mapesheni ya Bernadeta

Bernadeta wa Igogo akikamua mapesheni, mtaa mzima ulikosa adabu. Nzi waliacha samaki mwaloni wakapanda kwake, na Jumapili moja katekista alikatiza sala katikati kuuliza ni nani anakamua saa hizi. Hata mbuzi wa jirani alijifunza kupiga hodi.

Mashine hakuwa nayo. Alipasua tunda, akakung'utia ute bakulini, akaufikicha kwa vidole polepole mbegu zisivunjike, kisha akachuja kwa kitambaa cheupe. Hapo hapo unakunywa. Ukisubiri kivuli kihame, harufu imeshaenda zake.

Harufu hiyo ilikuwa na kazi kubwa kuliko biashara yake ya juisi. Mama yake, Kashindye, aliyeishi kijijini ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi, alikuwa haoni, na miaka miwili hiyo kumbukumbu nayo ilikuwa ikimtoka. Mwanawe wa kiume, aliyeishi naye nyumba moja, mama alimdhania mchunga ng'ombe wa watu. Lakini Bernadeta akifika, akaketi chini na kupasua pesheni la kwanza, mama aliinua pua akasema, "Bernadeta, umekuja mwanangu." Kwa maneno hayo matatu Bernadeta angevuka ziwa kwa kutembea.

Mwaka wa tisini na tatu, mapesheni yakielekea kuisha, wifi yake Selina, aliyemtunza mama, alituma ujumbe: mama ameacha kula, njoo upesi. Bernadeta akawaza safari. Kivuko cha Kigongo, cha kwenda Busisi, kilikuwa kinasumbua, malori yamepanga foleni, mtu anakaa siku mbili upande huu. Na mapesheni aliyokuwa nayo yameiva mno, yangevunda kikapuni.

Ndipo akalikumbuka duka la Iqbal. Mwaka ule maduka yalijaa vitu ambavyo zamani vilikuwa hadithi tu, na Iqbal alikuwa amepanga juisi za boksi kutoka nchi za nje, zinazokaa mwaka mzima bila kuchacha. Bernadeta akamwuliza zinawezaje.

"Wanachemsha kwanza, dada," Iqbal alisema. "Kama maziwa tu." Zaidi ya hapo naye hakujua.

Bernadeta akachemsha. Juisi ilitokota mpaka ikatoa povu, na harufu ikajaa mtaani kuliko siku zote, majirani wakatoka nje na vikombe. Akafurahi. Hakujua kwamba ile iliyokuwa ikitembea mtaani ndiyo hasa aliyotaka kumpelekea mama.

Iliyobaki akaitia kwenye dumu, akaliziba kwa gunzi la mahindi. Chenge, mpakiaji wa lori lililopeleka barafu kwa wavuvi wa sangara ng'ambo, alimpa nafasi garini na kulizika dumu lake katikati ya barafu, ndani ya kasha lililobeba samaki tangu liundwe. Alimwapia kwamba humo haitachacha hata mwezi. Kweli, haikuchacha.

Siku ya tatu Bernadeta aliinama mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," Kashindye alijibu, kisha akamwuliza Selina huyo ni nani.

Bernadeta hakuumia. Alitabasamu kama mwenye ufunguo mfukoni. Akachomoa gunzi, akamimina kikombe, akakisogeza puani kwa mama yake.

Kashindye akanusa. Akanusa tena.

"Selina," alisema, "mpe mwuza samaki kiti. Ametoka mbali."

Bernadeta akacheka, kisha akaonja. Ilikuwa tamu, ya baridi, na haikuwa na kitu. Maji ya sukari yaliyowahi kusimuliwa habari za mapesheni, na nyuma yake sangara anapita.

"Ni mimi, mama. Bernadeta."

"Bernadeta wangu akija huwa najua," mama alimjibu kwa upole, kama anavyojibiwa mtu asiye na akili nzuri. "Wewe kaa tu, mgeni, upumzike."

Akatoka. Alizunguka nyua za watu kijiji kizima akiomba mapesheni, na msimu umeisha, na jua likiwa limeshuka akapata manne yaliyosinyaa kwenye ua wa mwalimu. Akarudi mbio. Kisu hakukitafuta, alipasua kwa meno, akafikicha kwa vidole, akachuja kwa pindo la khanga yake.

Kashindye akainua pua. Uso mzima ukafunguka.

"Bernadeta amekuja," alisema.

Bernadeta alimsogelea. Akamshika mkono. Mama akauchomoa taratibu, kwa heshima, kama unavyouchomoa kwa mtu usiyemjua.

"Mgeni, hukumwona? Amepita hapa sasa hivi. Mkimbilie, hajafika mbali."

Selina akageukia ukuta. Bernadeta alisimama, akatoka uani, akasimama huko kwa muda ambao mtu angemkimbilia mwenzake na kurudi. Kisha akaingia tena.

"Amesema nini?" mama aliuliza.

"Amesema atakuja asubuhi, mama."

"Haya. Nitamsubiri."

Mama akaipokea juisi, akanywa funda moja, la pili, akaacha nusu kikombe na kukifunika kwa kiganja chake.

"Hii ya mwanangu," alimwambia mgeni. "Usiiguse."