Chumba cha Kukidhi Haja

Nichekeni tu, nimestahiki. Mimi ni mtembezaji wa wageni katika mji mkongwe wa Ibra, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Maskati, na Kiswahili changu nimekiokota kwa bibi yangu. Siku moja nilimuuliza habari za chumba kidogo cha juu katika gofu moja la jumba, chenye jiwe lililotobolewa katikati. Akanijibu, "Hapo wakubwa wakikidhi haja zao."

Basi! Mwaka mzima nikawahadithia Wazungu kwamba raia wakimpelekea sheikh haja zao hapo, na tundu lile ni la kutumbukizia barua. Wengine wakatumbukiza na vikaratasi vya maombi yao!

Juzi nikapata kundi la wazee wetu kutoka Maskati, wote wasema Kiswahili. Nikajimwaga! Nikakaa juu ya jiwe, kifua mbele, nikatangaza, "Hiki ndicho kiti cha sheikh. Hakuna aliyeingia humu na haja yake akatoka nayo!"

Bimkubwa mmoja akajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtetema.

"Wallahi kweli, mwanangu," akasema. "Mimi nimezaliwa nyumba hii, hakuna aliyetoka nayo. Ila huyo sheikh wako, haja yake ilikuwa ndogo au kubwa?"