Saa Moja na Nusu

Nitasema hivi, na atakayechukia achukie: kaka yangu ni mwongo, na uongo wake una mabawa.

Anaishi Dar es Salaam. Mama alipozidiwa, miguu imevimba, hapa kwetu Mshangano, Songea, kaka alipiga simu nikaiweka spika. "Mama, usihofu. Siku hizi kuna ndege bwana! Dar mpaka Songea ni saa moja na nusu tu."

"Haya baba," mama akamjibu. "Saa moja na nusu. Nitakungoja."

Kesho yake asubuhi aliniita nimvalishe kitenge chake cha kanisani, nimkalishe kwenye mkeka barazani, uso kwenye njia. Nikadhani anataka jua. Kesho kutwa yake vilevile. Siku ya tatu nikamuuliza, mama, unatafuta nini huku nje na baridi hii ya mwezi wa sita? Akanishangaa. "Kaka yako si alisema saa moja na nusu?"

Jamani! Yule alitaja urefu wa safari, mama akashika saa ya kufika. Wala si kosa lake. Kiswahili chetu ndivyo kilivyo, muda na saa vinalala kitanda kimoja. Nilitaka kumwelewesha, nikaghairi. Ningemwambia nini? Kwamba mwanao hajataja hata siku?

Nikampigia kaka, nikamweleza yote. Akacheka! "Mama naye! Si umwambie ni mwendo wa ndege?"

"Mwambie mwenyewe. Au njoo."

"Nakuja, dada. Wiki hii kazi zimenibana."

Nikamwambia apande basi. Watu wanaondoka Dar alfajiri, wanateremka hapa giza limeingia, makalio yamekufa ganzi, lakini wanateremka. Akasema mgongo wake hauwezi basi. Mgongo! Mimi namwinua mama mara nne kwa siku, wangu nani aliuulizia? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa fupi mno, na bado hakuipita.

Mama alikaa barazani wiki tano. Bodaboda ikipunguza mwendo, anainua kidevu. Ikifika saa mbili ananiambia, "Labda kesho," namrudisha ndani. Hiyo "labda kesho" ndiyo iliyonifanya nimchukie kaka yangu, na simwombi mtu radhi.

Alifariki Jumanne. Kaka akapiga simu analia: tusizike, tumsubiri, anakuja na ndege. Baba mdogo akamuuliza lini. Alhamisi, ndiyo siku aliyopata siti. Wazee wakanitazama mimi niliyemuuguza. Nikasema tunazika kesho, Jumatano. Tukazika.

Alhamisi akaja kweli, miwani myeusi, viatu vinang'aa. Akasimama mbele ya baraza akanifokea, waombolezaji wote wanasikia. "Dada, una roho gani wewe? Mama yangu mzazi! Mmeshindwa kunisubiri siku moja?"

Nilikuwa nakunja mkeka. Nikauacha chini.

"Yeye alikusubiri," nikamwambia. "Hapa hapa, kwenye mkeka huu. Kila asubuhi, saa moja na nusu."

Akavua miwani, akautazama mkeka. Safari hii hakucheka.