Mgeni wa Kiti cha Kushoto

Sikuwa nimelewa, sikuwa nimelala, wala halikuwa giza. Naanza na hayo kwa sababu nawajua watu wa Temeke: ukifungua mdomo tu kusimulia, mmoja anamkonyeza mwenzake. Konyezaneni. Lilikuwa jua la utosi, nimeshika tonge mkononi, na niliyemwona nilimwona kama ninavyokiona kidole changu hiki. Wakati ule Mwingereza yupo madarakani, na mie bado nina nywele kichwani.

Wa kwanza kuniponza ni Kijiti. Namtaja kwa jina, na akichukia aje. Shabani Kijiti, dalali wa Kinondoni, mtu anayeweza kukuuzia mlango wa nyumba yako mwenyewe. Mie nilikuwa dereva wa lori la mkaa, shule niliishia darasa la pili, ila magari nilikuwa nayapenda kuliko wenye nayo. Siku hiyo akanipeleka nyuma ya nyumba yake, akafunua makuti. Jamani! Gari la mbio la Kizungu, lile la viti viwili tu, halina paa, pua ndefu kama mamba, magurudumu ya spoku kama ya baiskeli. Rangi imepauka, ubavu wa kushoto umebonyea, ndani wanalala kuku. Lakini bei yake hata mchukuzi wa mkaa anaiweza. Nikamuuliza mbona rahisi hivi? Akasema mwenyewe ni Mzungu wa shamba la mkonge, amerudi kwao, alikuwa na haraka. Ningejua haraka ya nini!

Nilikuwa na sababu yangu, na sababu yenyewe ni Zuhura, binti wa Mzee Pazi, nyumba ya pili kutoka kwangu. Posa ilishapokelewa, harusi baada ya Idi. Nilitaka nimchukue bibi harusi wangu katika gari lile, mchana kweupe, niwapite wote waliokuwa wakiniita Mzee Masizi. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa tamaa yangu yote duniani.

Tukalivuta kwa lori mpaka kwangu Temeke, tukalijengea kibanda. Hapo ndipo akaingia wa pili kuniponza, fundi Mlenda. Yule alikuwa akifungua kitu kimoja anafunga nusu. Kabureta akaitoa, akasema anakwenda kuisafisha kwake, akarudi na nyingine ya lori. Tangi lilipovuja akaliziba kwa sabuni ya kufulia. Kila nikimuuliza, "Fundi, lini?" ananijibu, "Kesho, bwana harusi." Kesho hiyo ikaota ndevu. Viti nilitengeneza mwenyewe. Ngozi ilikuwa imeliwa na panya, nikashona turubai jipya kwa mkono wangu. Kiti cha kushoto kilikuwa na doa ambalo halitoki kwa maji wala kwa magadi. Nikalifunika.

Siku moja adhuhuri, Mlenda kaenda kula, mie nimekaa kwenye kiti cha dereva na sahani yangu ya wali na mchuzi wa papa. Nikaona kwa pembe ya jicho mtu anapita. Sasa nyie mnajua adabu yetu. Mtu akipita unakula, unasema karibu. Husemi ili aje! Unasema ili asiseme huna adabu, naye anajibu "starehe," anakwenda zake. Nimesema karibu maisha yangu yote na sijawahi kupungukiwa na tonge moja. Basi nikasema, hata sikuinua kichwa: "Karibu."

"Ahsante, mwanangu," akajibu. "Nimekaribia."

Akafungua mlango akakaa.

Mzee wa makamo, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kiua, sura ya mtu wa msikitini. Ila bega la kushoto limejaa udongo mwekundu, na Temeke yetu ni mchanga mtupu. Mtaniuliza kama alikuwa na kivuli. Saa ile ya jua nani ana kivuli? Alinyoosha mkono kwenye sahani mara kadhaa, kistaarabu kabisa, na wali haukupungua hata punje. Lakini nilipotia tonge langu mdomoni, niamini, halikuwa na chumvi. Papa! Papa mkavu wa chumvi, hana chumvi! Nikageuka kumtazama vizuri, naye ananitazama kwa upole.

"Tutaondoka saa ngapi?" akaniuliza.

Nikaacha sahani, nikaacha viatu. Niliporudi na majirani, hamna mtu. Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kesho yake adhuhuri yupo. Sikumkaribisha, yupo tu. "Bado halijawaka, mwanangu?" Keshokutwa yupo. Nilidhani mzimu unatisha. Kumbe mzimu unachosha. Nafunga nati, yeye anaguna. Napiga hendeli mpaka mkono unataka kung'oka, yeye anasema, "Bismillah, jaribu tena." Mlenda hamwoni, anapitisha spana katikati ya kifua chake. Ilinibidi niwe nakula kwa siri chooni, tena bila raha, kwa sababu hata huko chumvi ilikuwa haipo.

Nikamwendea Kijiti. Nikamkaba kanzu mbele ya wateja wake. "Nani alikufa katika gari lile?"

Hakupepesa jicho. "Mzee mmoja wa Segerea. Mzungu alimpa lifti kutoka mjini, gari likabinuka kwenye mtaro. Mzungu akatoka anajipangusa suruali. Mzee hakutoka."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Ningekwambia ungenunua?"

Ndio watu hao.

Habari ikamfika Mzee Pazi. Akaja na Zuhura, na shangazi yake nyuma, walione gari. Zuhura, ambaye haogopi kitu, akasema upuuzi mtupu, akaingia kukaa kiti cha kushoto. Aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Baba, pana mapaja ya mtu hapa!" Sote tuliona turubai limebonyea, na hakuna aliyekaa.

Mzee Pazi hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: "Ulimkaribisha?"

"Kwa adabu tu, baba mkwe."

"Mgeni uliyemkaribisha kwa kinywa chako hafukuzwi. Mfikishe kwake. Ukishamshusha, njoo uoe. Binti yangu hagombanii kiti na marehemu."

Nikamshikia Mlenda nyundo. Nikamwambia leo liwake au tuwe marehemu wawili. Alasiri likawaka. Likakohoa, likatoa moshi mweusi wa lori, lakini likaenda. Mzee yupo kando yangu, kashika kofia yake kwa upepo, anafurahi kama mtoto. Tukashika barabara ya Pugu, tukapita Kipawa, tukaingia njia za mashamba ya Segerea. Ananionyesha: huu mkorosho nilipanda mimi, kile kisima tulichimba na ndugu yangu. Nasema kweli, mle njiani nilianza kumpenda. Nikajisemea, namshusha, naoa, yamekwisha.

"Hapo," akasema.

Nyumba ya udongo, imepakwa chokaa mpya. Uani mwanamke anapepeta mchele. Akatoka ndani mwanaume kavaa shuka, kambeba mtoto mchanga, akamwambia yule mwanamke neno, mwanamke akacheka, akampiga mguu kwa ungo.

Mgeni wangu akamtazama yule mwanamke, akamtazama na mtoto.

"Kumbe eda imekwisha," akasema.

"Shuka, mzee wangu. Umefika."

"Nishuke niende wapi? Kwa mke wa mwenzangu?" Akakaa vizuri, akajifuta vumbi begani, halikutoka. "Nirudishe, mwanangu. Wewe ndiye uliyenikaribisha."

Nilimsihi. Nilimtukana. Nilimfungulia mlango. Yule mwenye nyumba akaja kuniuliza nagombana na nani katika gari tupu. Nikawasha, nikarudi.

Mzee Pazi alikuwa ananingoja barazani. "Umemshusha?"

Nilitaka kusema ndiyo. Akatazama kiti, kimebonyea. Akaingia ndani akafunga mlango, na posa ikarudishwa kabla ya isha.

Zuhura aliolewa na Mlenda. Ndiyo, fundi wangu! Sasa najua kwa nini alikuwa akichelewesha kazi nyumba ya pili kutoka kwao. Na kabureta yangu ya asili mpaka leo iko kwake, kaifanya pambo la dirisha.

Mie sikuoa tena. Gari liko kibandani, hakuna anayelitaka, na mzee yupo kila adhuhuri, siku hizi hata haulizi safari. Nakula nimefunga mlango. Watu wakipita nanyamaza, na Temeke nzima inaniita mchoyo. Waniite.

Wewe unayesoma, ukionyeshwa gari zuri kwa bei rahisi, usihangaike kupiga teke magurudumu. Uliza nani alikuwa akikaa kando ya dereva, na alishukia wapi. Wakikujibu hakushuka, shika njia urudi kwenu kwa miguu.