Udongo Kutoka Ugalla

Mama hakuniagiza asali wala samaki. Alitaka kujua jambo moja tu kabla macho hayajamwishia: je, baba amelala pakavu?

Baba alikuwa mrina asali. Alifia kambini, ndani ya hifadhi ya Ugalla, nikiwa darasa la pili. Wenzake walimzika hukohuko, kwa kuwa kumbeba hadi nyumbani Urambo ilikuwa safari ya siku nyingi. Walimwambia mama wamemlaza juu, penye miti ya miyombo. Mama ni mkulima. Kwake, juu ni udongo mwekundu, bondeni ni mweusi, na mweusi ndio unaotuamisha maji.

Mwaka jana, mvua zikiwa bado, nilikwenda na askari wa hifadhi. Niseme wazi, mahali pale sipapendi. Kiangazi mto hukatika vipande vipande, yakabaki madimbwi ya viboko. Masika vipande huungana na bonde zima likawa ziwa. Askari alinionyesha ndege wadogo wakidonoa topeni, akasema huja kila mwaka kutoka mabwawa ya nchi za barafu. Nikamjibu kwamba wana bahati, wanajua waendako. Sikuwa na adabu siku ile.

Mti wa kaburi lake tuliuona mchana. Wenzake baba walikuwa wamechonga shinani alama yake, mistari mitatu na duara, ile aliyoiweka kwenye kila mzinga. Ulikuwa bondeni, hatua chache kutoka dimbwini, na doa la maji ya masika lilipita juu ya alama.

"Kule juu ni mawe matupu," askari alisema. "Walichimba palipochimbika."

Nililia. Kisha nikakasirika, nikapanda mwinuko, nikachota udongo mwekundu katikati ya mawe na kuufunga kwenye kitambaa.

Mama aliufikicha kwa vidole, akausogeza karibu na macho.

"Mwekundu," alisema. "Basi yuko pakavu. Asante, mwanangu."

Uongo ule ulinipa usingizi mzuri kuliko ukweli wowote niliowahi kumwambia.

Asubuhi nilivikuta viatu vyangu mlangoni, safi. Nilikuwa nimeviacha pale na tope jeusi la bondeni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kisu kando, kitambaa mapajani. Udongo mwekundu ulikuwa umemwagwa uani. Ndani ya kitambaa alikuwa akifunga tope alilolikwangua kwenye soli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," aliitikia, akaendelea kukaza fundo.