Redio ilisema mvua ya mawe, Koplo wetu akasikia shifta: yaliyotukuta njia ya Liboi

Wakuu, hamjambo humu ndani. Kama kuna wazee wenzangu, shikamooni.

Nina kisa cha zamani. Sitaongeza chumvi, maana chenyewe kimekolea.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa mpakani na Somalia, miaka michache baada ya uhuru. Mimi kijana wa kutoka Machakos, opareta wa redio kwenye kituo kidogo cha polisi, njia ya Garissa kwenda Liboi.

Hali ilikuwa serious. Magari yalilipuliwa barabarani. Tulilala na buti miguuni.

Mkubwa wetu alikuwa Koplo Mutua. Jasiri kweli, lakini kwake kila kitu kilikuwa shifta. Ngamia akikohoa, shifta. Mlango ukilia, shifta. Siku moja aliamuru kichuguu kijisalimishe.

Sasa mchana mmoja, jua kali ajabu, ikaingia message kutoka Garissa: "Mvua kubwa ya radi na mawe yaja upande wenu. Waambieni wananchi wajikinge. Over."

Nikampelekea Koplo. Akatazama juu. Wingu hata la dawa hakuna.

"Mvua gani hapa? Hii ni code," akaninong'oneza. "Mvua ni risasi. Mawe ni mabomu. Radi..." Akakwama kidogo. "Radi ni mkubwa wao."

Nikamwambia, "Afande, Garissa hawajawahi kututumia code."

"Ndiyo maana hii ni nzuri."

Amri ni amri. Akapuliza filimbi, watu wa kijiji wakakusanyika. Hawa walikuwa wafugaji wa Kisomali ambao serikali ilikuwa imewahamishia karibu na ua wetu. Akawaambia wote washuke kwenye laga, ule mto mkavu nyuma ya kituo, kingo zake ziwakinge na risasi. Yeye mwenyewe akatangulia kushusha sukari, majani ya chai na magunia yetu ya unga, yasiungue kituo kikichomwa.

Watu wakaanza kujipanga. Akina mama na watoto mgongoni.

Hapo akasimama Mama Hawa. Huyu alikuwa akituuzia chai na mandazi langoni. Mama mrefu, sauti ya kuita ngamia.

"Obareta," akaniita. "Redio imesema nini? Sema file file."

Nikasema vile vile.

Akamgeukia Koplo. "Redio imesema mfua. Wewe unasema bunduki. Kwani redio imekosa neno ya bunduki?"

"Mama, wewe unajuaje hakuna shambulio?" Koplo akauliza kwa ukali. Wakuu, siku zile swali hilo kwa Msomali halikuwa mzaha. Watu walifungwa kwa jibu moja baya.

"Wallahi, shifta sijui. Mimi najua laga. Mfua ikija, hiyo ndiyo njia yake. Mimi siingii."

Akaketi chini, katikati ya njia, na karai lake la mandazi mapajani. Wenzake nao wakaketi. Koplo akafoka mpaka sauti ikakwaruza, hakuna aliyeinuka.

Bado wamekaa hivyo, upepo ukageuka. Mashariki kukawa kweusi kama sufuria ya matanga. Radi ikapasuka. Mama Hawa akawaongoza watu wote ndani ya ghala la kituo.

Halafu mawe.

Kama hujawahi kusikia mvua ya mawe juu ya mabati, na wewe unangoja vita, huwezi kunielewa. Koplo akalala chali uwanjani, bunduki imeelekea angani, akipiga kelele, "Jisalimisheni! Mmezingirwa!"

Jiwe la barafu likamkuta puani.

Mama Hawa akatoka mbio, akamwaga mandazi, akamvika Koplo karai kichwani na kumvuta ndani kwa ukosi. Karai lilikuwa likilia kama kengele ya kanisa. Ghala zima likacheka, na Koplo naye, damu puani.

Kicheko kilikatika tuliposikia mngurumo nyuma.

Laga ilikuwa imekuja. Maji mekundu, ukuta mzima, yamebeba miti na mizizi yake. Magunia yetu ya unga yalipita kama makaratasi. Mama mmoja alimkumbatia mtoto wake, akaanza kulia kimya kimya. Koplo alitazama pale alipotaka kuwaweka wale watu, kisha akavua karai, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

"Asante, mama yangu."

"Sasa mandazi yangu nani ataliba?" akajibu.

Jioni Garissa wakauliza hali yetu. Koplo akaniambia, pua imefungwa bandeji: "Waambie adui walikuja wengi sana. Wote wameyeyuka."

Garissa wakashtuka. "Wameyeyukia wapi? Over."

"Wengine tumewanywa," Koplo akanituma nijibu.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: onyo la mvua likija, lisikie kama lilivyosemwa, na ukae mbali na laga hata kama ni kavu kama mfupa. Siku hizi linakuja kwa simu, na bado kuna akina Koplo wanaotafuta maana nyingine.

Mlioko Garissa, Hagadera na Liboi, mawe yamewahi kuwapiga? Mwageni hapa chini, nasoma zote, miwani ninayo.